Mikono Iliyonyooka

Wachoraji wenzake walimwita Mifuko, na jina likamkaa kama nguo ya kupimwa. Kila aliyechorwa naye alikuwa na mikono mfukoni, au nyuma ya mgongo, au chini ya shuka. Chanzo kilikuwa mhakiki mmoja wa gazeti, aliyewahi kuandika kwamba vidole anavyochora ni chane ya ndizi. Maneno mawili matatu tu, lakini yalimwingia Mifuko mpaka kwenye mfupa. Miaka ikapita, asithubutu kuchora hata kucha.

Mama yake, fundi cherehani, alipokubali kuchorwa alitoa sharti. "Ukinificha mikono, mwanangu, tafuta mama mwingine. Hii ndiyo iliyokulea."

Basi akaichora. Vidole vya mama vilikuwa vimepindishwa na kazi, kimoja kikiegemea chenzake kama walevi wanaorudi nyumbani. Mifuko alivitazama, akamkumbuka mhakiki, akavinyoosha kidogo. Kesho yake akavinyoosha tena. Woga una subira; hauhitaji kumsukuma mtu.

Siku ya maonyesho karakana yake ilijaa watu. Mhakiki alisimama mbele ya picha, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mifuko!" alisema, wote wakasikia. "Leo umetoa mikono, tena mikono yenyewe! Kesho nitaandika."

Mifuko alifurahi nusura alie. Miaka yote ile alidhani anamchukia mtu huyu, kumbe alikuwa akimsubiri.

Mama akaingia, binti yake amemshika kiwiko. Aliitazama picha taratibu, kama anavyokagua pindo la nguo ya mteja.

"Mizuri," alisema. "Ya nani?"

Watu wakacheka. Mama hakucheka, wala hakukasirika, aliuliza tu. Mifuko alisikia aibu ikimshuka hadi miguuni.

Akaitungua picha ukutani.

"Wewe! Ukiigusa utaiharibu," mhakiki alisema. "Nami nitaandika hivyo hivyo, ujue."

"Andika, ndugu yangu. Ndiyo kazi yako."

Akaipeleka chumba cha nyuma, akafungua rangi. Alipogeuka ili amwite mama, alimkuta ameshaketi, mikono mapajani, vidole vimepinda vyote.

"Haya," mama alisema. "Sasa nitazame mimi."