Bibi Harusi Aliyepanda Mlima Kinyumenyume

Mwenye binti na asikie yaliyompata Nyatichi, muuza mboga wa Uriri, siku ya kumwoza bintiye Beverlyne.

Fundi Omosa alikuwa amelifufua gari la Marekani la kabla ya vita vikuu, lisilo na paa wala vioo vya milango. Miaka sita alilihangaikia, mpaka taa zake za shaba zikang'aa kama sufuria mpya. Ndilo lililombeba bibi harusi kwenda Homa Bay, ambako bwana harusi, Jeff, alikuwa akingoja kanisani. Nyatichi na dadake Scovia walikaa naye, wakishika shela isipeperuke.

Mlimani gari likakohoa, likazima.

"Tangi liko chini ya kiti, na pampu hakuna," Omosa akasema, amevuta breki ya mkono. "Likielekea juu, petroli haifiki kwa injini. Nitaligeuza tupande kwa rivasi. Ndiyo kawaida yake."

"Beverlyne apande akitazama kwetu?" Nyatichi akauliza. "Bibi harusi akiangalia nyuma, ndoa haidumu. Hata mama yangu aliniambia hivyo."

"Mama Beverlyne, gari halijui mila."

"Mimi nazijua. Tutasukuma."

Omosa hakutaka kubishana na mama wa bibi harusi siku kama hiyo. Nyatichi na Scovia wakashuka, wakaegemeza mabega. Breki ikaachiliwa. Hatua tatu, nne, kisha kiatu cha Scovia kikateleza, uzito wote ukamwangukia Nyatichi. Akaruka kando. Gari likaanza kurudi chini, binti yake ndani, na huko chini lori la miwa lilikuwa likipanda, likipiga honi.

Omosa akavuta breki, isishike; akakata usukani. Gari likaingia shambani, miwa ikalipokea, likasimama.

Nyatichi alifika akihema. Beverlyne alikuwa akitoa majani kwenye shela.

"Niko mzima, Mama. Lakini hiyo ndoa ingekuwa fupi kweli."

Wenye lori wakasaidia kulirudisha gari barabarani. Nyatichi akamwambia fundi, "Geuza."

Yeye alikataa kupanda, akafuata kwa miguu. Gari likapanda polepole kinyumenyume, na Beverlyne akamtazama mamake njia nzima, mpaka juu.

Nyatichi alipoolewa, alikaza shingo asigeuke. Mpaka leo hajui siku ile mama yake alibaki na uso gani pale mlangoni.