Kucha za Nyumbani kwa Masalu

Siku hiyo mjinga alikuwa Masalu, na mwenyewe hakatai. Alikata kucha zake, akakata na za mke wake Selina, akanyofoa nywele mkiani kwa dume lake la ng'ombe aliloliita Mkandarasi. Kila kitu akakifunga kwenye karatasi yake na kwenda navyo kazini, nyuma ya mji mdogo wa Usagara. Alitaka kushinda ubishi.

Hapo kazini walikuwa wakifukua watu na ng'ombe waliozikwa pamoja miaka elfu mbili iliyopita. Masalu na Pius walichekecha udongo. Daktari Dipti, mtafiti wa mambo ya kale, binti wa wafanyabiashara wa mtaa wa Mirongo, alitoboa mifupa kwa keekee ndogo na kumimina unga wake kwenye mizani, maana unga huo husema marehemu alikuwa akila nini. Kwa kawaida hupelekwa kwenye mashine huko mbali, na majibu hukaa miezi. Mifupa ya pale haikuwa na subira. Unga wa ng'ombe ulipogusa mizani uligeuka suke la mtama, bichi, lenye umande. Wa mwanamume ukawa mnofu wa kuchoma, bado unachuruzika mafuta. Wa mwanamke ukawa kijiko cha uji wa pumba na kipande cha udongo, ule wanaoutafuna wajawazito. Dipti alipima, akaandika, akafuta mizani kwa pamba.

"Ng'ombe kamzidi mke," Pius alisema siku moja kabla ya hizo kucha. "Kama kwako tu, Masalu."

"Kwangu tunakula sawa. Kesho naleta ushahidi."

Ushahidi ndio hizo kucha na nywele. Dipti alizipokea, kwa kuwa kucha na nywele za walio hai nazo hupimwa, ili kulinganisha. Nywele za Mkandarasi zikawa mahindi na bonge la chumvi. Kucha za Masalu zikawa kipande cha sato wa kukaanga, yai la kuchemsha na firigisi tatu. Za Selina zikawa ukoko wa ugali na kipande cha udongo. Dipti alikiweka kando ya kile cha marehemu. Vilifanana hadi alama za meno.

"Mke wako ni mjamzito?"

"Miezi saba, daktari. Kliniki wanasema damu iko chini. Ale mayai, ale maini."

"Na anakula?"

"Mama yangu hataki. Akila mayai, mtoto atazaliwa na kipara."

Pius alicheka peke yake, halafu akaacha.

Jioni Masalu alirudi nyumbani na ule ukoko na udongo ndani ya gazeti. Selina alivipokea kwa mikono miwili, akauvunja udongo, akatafuna. Alisema ni mtamu kuliko wa sokoni.

Siku hiyo kulikuwa na kuku. Masalu aliandaliwa barazani, firigisi juu ya bakuli lake. Wanawake wangekula jikoni kitakachobaki. Mama yake, Dorotea, alikaa mlangoni katikati, kama askari wa mpakani.

Masalu alisimulia habari za mizani. Alisema kuanzia leo Selina atakula mayai na maini, na kila kitu watagawana. Alisema kwa sauti ya mwenye nyumba, huku akitafuna, na alipofika kwenye neno "tutagawana" firigisi ilikuwa imekwisha kushuka.

"Mayai hapana," Dorotea alisema.

"Mama, mizani imeonyesha."

"Imeonyesha nini? Mimi nimezaa tisa bila kuonja yai. Mnikabidhi mjukuu asiye na nywele, nimpeleke wapi?"

Selina alikuwa amekwenda kumpa Mkandarasi mahindi yake ya jioni. Alirudi taratibu, akishika ukuta mara mbili njiani, akaiweka chini ndoo tupu.

"Hata huyo mwanamke wenu wa kale," Dorotea aliendelea, "kala pumba, kala udongo, hakulalamika, na kazaa vizuri tu. Muulize mumeo."

"Hakuzaa, mama," Selina alisema. "Juzi nilipompelekea mwanao chakula nilimwona huyo mwanamke shimoni. Mtoto wake bado yumo tumboni."