Bango Lililotangulia

Rhodalyn aliiona sura yake kwenye bango kabla hajafika njia panda. Ilikuwa kubwa kama mlango, ile picha ya kumaliza sekondari, na chini yake maneno mekundu: HONGERA DAKTARI WETU MTARAJIWA, BIOLOJIA, MANILA. Kando yake, kubwa zaidi kidogo, ilikuwa sura ya mjomba wake Crisanto, kapitan, yaani mkuu wa kijiji, aliyekuwa anakaribia uchaguzi.

Tatizo ni kwamba Rhodalyn alikuwa bado hajachagua. Vyuo viwili vilikuwa vimempokea: kile cha Manila kwa biolojia, na kingine cha Iloilo, mji wa karibu, kwa uuguzi. Vyote vilitaka jibu kabla Ijumaa haijaisha, na Ijumaa yenyewe ilikuwa leo. Udaktari ulikuwa bado mbali; kwanza mtu amalize shahada moja, hata ya uuguzi, ndipo abishe hodi shule ya udaktari. Hilo kila mtu pale kwao Hamtic alilijua, na kwa hiyo kila mtu alikuwa na neno la kumwambia.

Nyumbani alimkuta baba yake, Nestor, kwenye cherehani, akishona sare za shule.

"Umeliona?" baba akauliza bila kuinua macho.

"Nimeliona, Tay."

"Mama yako amelia. Kwa furaha, nadhani."

Rhodalyn akaketi juu ya furushi la vitambaa. "Mimi nataka uuguzi."

Cherehani ikanyamaza. "Udaktari umeuacha?"

"Sijauacha. Ila biolojia ni miaka minne ya vyura na darubini. Kwenye uuguzi wanakupeleka wodini mapema. Bibi alipopooza nilimwogesha mimi, lakini yule alikuwa bibi yangu. Sijui kama nitaweza kwa mtu nisiyemjua, ananuka, ananitukana. Nikija kugundua mwishoni kwamba siwezi, nitaona haya kusema, nitaendelea tu."

Baba akakata uzi kwa meno, akafikiri. "Mimi vyuo sivijui. Ila hayo uliyoniambia, mwambie mjomba wako kabla hujawajibu watu wa chuo. Asije akayasikia sokoni."

"Twende wote?"

"Nitakuja. Kusema utasema wewe."

Kapitan walimkuta njia panda, kwenye kibanda cha Manang Loreta, akila ndizi za kukaanga huku analitazama bango.

"Inday, mpwa wangu, unaonaje? Nimewaambia wakuondoe chunusi."

"Nimependeza, Mjomba." Kisha akamweleza yote, taratibu, kama alivyomweleza baba yake. Kapitan aliacha kutafuna.

"Nesi? Manesi tunao, Inday. Binti wa Loreta huyu ni nesi, yuko Uingereza, kila Jumapili analia kwenye simu."

"Analilia baridi, Kapitan," Loreta akasema, akigeuza ndizi. "Kazi yake anaipenda. Usinisemee mwanangu."

"Sawa, lakini biolojia ndiyo njia ya madaktari. Watu watasema Manila imemshinda. Na mimi watasema nimewadanganya, tena kwa herufi kubwa."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa ameumia kweli, na Rhodalyn aliliona hilo. Ingekuwa rahisi kukubali. Biolojia haikuwa mbaya. Wengi walipita huko wakawa madaktari wazuri. Lakini bango lingeteremshwa baada ya sikukuu ya kijiji, na yeye angebaki Manila.

"Wakikuuliza, niite niwajibu mwenyewe."

"Utakuwa Iloilo."

"Basi nitawajibu kabla sijaondoka. Mmoja mmoja, ikibidi."

Kapitan akamgeukia baba yake. "Nestor, wewe unasemaje?"

"Keshasema mwenyewe, shemeji."

Rhodalyn akatoa simu. Akasoma jina la chuo cha Iloilo, akalisoma tena, akabonyeza. Kisha akampa mjomba wake aone. Kapitan aliishika simu muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwamo yalivyohitaji, akamrudishia, akanyoosha midomo kuonyesha nyuma ya kibanda.

"Ngazi iko kule. Nestor, nishikie, magoti yangu si kama ya zamani."

Alikuwa amefungua kamba ya bango upande mmoja, na uso wa Rhodalyn umejikunja katikati, alipopita mwalimu mstaafu Felomina na kikapu cha mboga.

"Kapitan, mbona unamshusha daktari? Imekuwaje?"

Rhodalyn akafungua mdomo, lakini mjomba wake alimtangulia kutoka juu ya ngazi.

"Anakwenda Iloilo, uuguzi kwanza. Mtu hawezi kusomea udaktari kabla hajajua kama anaweza kukaa na mgonjwa asiyemjua. Ananuka, anamtukana. Unaelewa, mwalimu? Ndivyo tulivyoshauriana."

"Hilo ni jambo la busara," mwalimu akasema.

"Ndiyo," Rhodalyn akaitikia, na akaenda kushika upande wa pili wa kamba.