Chupa Aliyoniletea Mbaruku

Usiku wa jana niliota, na asije mtu akaniambia nilivimbiwa, maana nililalia uji mtupu. Mimi ni Salha, fundi cherehani, na mambo nayasema kama yalivyokuwa.

Kwanza mjue nililala na nini kichwani. Mume wangu Mbaruku, dereva wa greda, alifariki mwaka huu. Nikakaa eda yangu miezi minne na siku kumi. Sikupaka wanja, sikujifukiza udi, manukato sikuyagusa. Ijumaa iliyopita nikatoka. Leo mchana ni harusi ya Nargisi, mtoto wa wifi yangu Zamzam, na jana wifi akanipigia simu: "Njoo wifi yangu, lakini usinukie. Watu watasema umeshamsahau kaka."

Sasa mezani kwangu kuna chupa ya manukato aliyoniletea Mbaruku wiki moja kabla ya kufa. Haijafunguliwa, imo ndani ya nailoni yake. Wifi akamalizia kwamba hata hiyo marehemu hakuichagua, alichukua tu alichopewa na muuzaji. Hilo liliniuma kuliko simu nzima, kwa sababu hata mimi sikujua ukweli wake.

Basi. Nimelala, chupa ikakohoa.

"Bi Salha, humu ndani kuna joto."

"Nani kakuuliza?"

"Nina masharti matatu. Niyasome?"

"Haya, soma."

"La kwanza, nipulizwe panapogonga mshipa."

Nikatoa mkono, nikautafuta mshipa. Haupo. Mahali pake pamebandikwa karatasi yenye mwandiko wangu mwenyewe: *Nimefunga, niko eda.* Nikatazama mkono wa pili, karatasi. Nikapapasa shingo, karatasi pia, na hii imeongezwa maneno: *Msipige hodi.*

"Eda si imekwisha?" nikaziuliza.

"Hatukuletewa taarifa," zikajibu.

Nikapandwa na hasira. Mwili wangu mwenyewe unanifanyia urasimu! Nikajifunga kanga, nikatia chupa kwapani, nikatoka kwenda kuitafuta mishipa yangu.

Nafungua mlango wa chumba, natokea ndani ya ua la asumini. Ni ofisi. Kuta nyeupe, sakafu nyeupe, benchi moja. Nyuki amekaa nyuma ya meza, ana muhuri.

"Jina?"

"Salha."

"Shida?"

"Mishipa yangu imegoma kufungua, na eda imekwisha tangu Ijumaa."

"Nani kasema imekwisha?"

"Kalenda."

"Kalenda hainusi," akasema nyuki, akaandika kitu. "Kaa pale, harufu za chupa yako zinakuja. Wataanza maua, atafuata asali. Maua usiwakatize, wana dakika kumi na tano tu, kisha wanapotea."

Wakaingia, asumini na vilua, mia na zaidi, wote kwa mpigo na wote wanasema.

"Kanga umeivaa upande!"

"Nywele kakusuka nani, adui yako?"

"Uso huo wa harusi au wa hitima?"

"Mimi niko kifuani pa bi harusi, kwenye kikuba chake," likasema asumini moja dogo lenye kiburi, "wewe uko kwenye nini?"

Lo! Kelele kama za uani siku ya shughuli, masufuria yapo motoni na kila mtu ana la kusema. Nilitaka kulijibu lile dogo, nyuki akapiga kengele, wakapotea, hata jani halikubaki. Nikajikuta nacheka, na nilikuwa sijacheka kwa sauti tangu msiba.

Asali ikaanza kuingia. Ilichukua saa nzima kuvuka kizingiti, na wala haikuomba radhi.

"Unaogopa nini, Salha?"

"Naogopa itaisha."

"Nini?"

"Hii chupa. Nikiifungua itaisha, na hakuna Mbaruku wa kuniletea nyingine. Halafu hata sijui kama aliichagua yeye."

Asali ikafikiri mpaka nikasinzia. Nikalala usingizi ndani ya usingizi, nikaamka, bado inafikiri.

"Hata usipoifungua itaharibika," ikasema mwishowe. "Manukato huchacha humohumo kwenye nailoni, na hakuna aliyeyanusa."

"Hilo ndilo sharti langu la pili," chupa ikadakia kutoka kwapani. "Nisiwekwe nikasahaulika. Nilikuwa naona haya kulisema mwenyewe."

Hapo kuta za ua zikafunguka, na kumbe tuko ukumbi wa harusi. Wanawake wamekaa safu kwa safu, feni zinazunguka, nyuki na meza yake yuko palepale. Wifi Zamzam anakuja kwa mwendo wa mama wa bi harusi. Pua hana. Anafungua pochi, anaitoa, anailaza mezani juu ya leso safi.

"Pua yangu imekuja kukagua," anasema.

"Mimi sijasema neno," inasema pua.

"Nyamaza wewe."

"Wifi," namwambia, "eda nimekaa siku zote. Hata moja sikuiiba."

"Umekaa, nani kakataa? Lakini hayo manukato hakuyachagua kaka yangu. Mtu miaka thelathini ananuka dizeli, maua atayajulia wapi? Alipewa, akapokea."

Wanawake wakageuza shingo. Feni nazo zikasimama kusikiliza. 

Chupa ikajitoa kwapani, ikapanda mezani na nailoni yake.

"Naomba kusema. Nilikuwapo," ikasema. "Aliingia dukani adhuhuri, akatoka alasiri. Alinusa chupa nane. Pua ikamchoka, akatoka nje akanunua kahawa, hakuinywa, aliinusa tu, akarudi. Ya tisa ilikuwa dada yangu, ile ya wateja kujaribia. Akajipulizia kwenye shati lake la kijivu, mkono wa kulia, ndani ya mkunjo. Akanusa. Akasema, 'Huyu ndiye Salha.' Ndipo akanichukua mimi."

"Uongo!" anasema wifi, na papo hapo ananikamata mikono yote miwili, anataka kuvisugua vifundo vyangu, kimoja kwa kingine, ili harufu isitoke.

"Sharti la tatu!" chupa inapiga kelele. "Msisugue! Mkisugua mnayaponda maua!"

Na kweli, ingawa sijapulizwa hata tone, nayasikia maua yanalia chini ya ngozi. Lakini mimi nimeshona miaka ishirini na sita, mikono yangu haichukuliki kirahisi. Nikaichomoa.

"Niache, wifi. Kaka yako nilimpenda nikinukia, na nitamkumbuka nikinukia. Msiba ni wangu pia."

Pua ikapiga chafya pale mezani. "Mimi nimeyapenda," ikasema. "Nirudisheni usoni, huku sinusi vizuri."

Karatasi zikabanduka zenyewe, mkono wa kushoto, wa kulia, kisha shingoni. Mishipa ikarudi, imebeba mabegi.

"Tuwie radhi, bibi," ikasema. "Habari zilichelewa kutufikia." Ikashusha mizigo, ikaanza kugonga.

Iligonga mpaka nikaamka. Jua limeshatoka. Chupa iko mezani, nailoni haina hata mkwaruzo, na wala haikunisalimia.

Nikaenda sandukuni. Nguo za Mbaruku tulizitoa sadaka zote, isipokuwa shati la kijivu. Hilo nililificha kwenye mfuko bila kulifua, na tangu msiba sikuwa na moyo wa kulitazama. Nikafungua mfuko. Dizeli. Hiyo nilijua ningeikuta. Nikaukunjua mkono wa kulia, nikatia pua ndani ya mkunjo.

Maua hayakuwapo, dakika zao zilikwisha zamani. Ilikuwapo asali.

Nililia, sifichi. Mume wangu mimi, na greda lake, amekaa dukani mpaka alasiri ananitafuta kwenye chupa. Kisha nikanawa uso, nikachana nailoni kwa mkasi wa kazi, nikapuliza kushoto, kulia na shingoni. Sikusugua. Nikakaa kitandani na shati mapajani, nikayasubiri maua yamalize kelele zao. Asali ikaja taratibu, ileile ya kwenye shati.

Ndipo nikampigia wifi.

"Nakuja," nikamwambia. "Niwekee kiti mbele, karibu na feni."