Saa ya Profesa Naetwe

Niliota usiku wa jana kwamba mama yangu ametuma kiti kije kunichukua.

Mama yangu ni marehemu Profesa Naetwe Mbwambo, aliyeanzisha maabara ya kwanza ya saikolojia katika chuo chetu. Maisha yake yote alipima muda unaopita kati ya mtu kusikia sauti na kuiitikia. Alipima askari, wapishi, watawa, na mimi. Nilipokuwa mchanga, kilio changu kilikuwa takwimu. Wiki hii maabara inapewa jina lake, nami nimeombwa nizungumze. Sina la kusema, kwa sababu sijawahi kujua kama nilikuwa mwanawe au jaribio lake.

Basi kiti kikapiga hodi. Kilikuwa kile cha maabara, cha chuma, chenye mikanda.

"Shikamoo," nikasema, maana kinanizidi umri.

"Marahaba, Namkunda. Kaa, tumechelewa."

Nikakaa.

Sasa tuko maabara. Maabara ni jikoni kwetu kule Usangi. Kengele iko mezani, imevaa koti jeupe. Wali umeiva, unanukia nazi, nami nameza mate.

"Tema," inasema kengele.

"Nini?"

"Hayo mate. Mimi bado sijalia. Hapa mtu hatokwi na mate kabla ya kengele."

Naomba radhi, natema. Kengele inalia. Mate yananichuruzika hadi kifuani.

"Hapo sawa," inasema, na kunifungulia mlango wa nyuma.

Nyuma ya mlango kuna Mteremko wa Kusahau. Mama alikuwa akiuchora ubaoni: mtu husahau mengi haraka mwanzoni, halafu kidogo kidogo. Kwa hiyo kule juu ni mkali kama ukuta, na chini unalala. Nateleza kwa makalio. Majina ya walimu wangu yananidondoka. Inafuata namba yangu ya simu, kisha mtaa ninaokaa. Kila kinachonipita nakiaga kwa adabu.

Nafika tambarare nikiwa nimebaki na swali moja tu. Mama amesimama pale, saa ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umebaki na nini?"

"Swali. Ulinipenda, au ulinipima?"

Mama aliinamia saa. "Mwambie wewe. Ulikuwepo."

Saa ikakohoa.

"Kazi yangu ni nyepesi," ikasema. "Sauti inatoka, nabonyezwa. Mtu anaitikia, nabonyezwa tena. Lakini ukilia wewe, huyu hanibonyezi. Ananitupa kitandani, anakimbia. Siku nyingine nashangaa ameshakubeba na wewe hata hujalia. Muda wa namna hiyo uko chini ya sifuri. Uso wangu hauna pa kuuonyesha."

"Kwa hiyo matokeo yangu yako wapi?"

"Hayapo," mama akasema, kwa sauti ile ile ya darasani. "Jaribio lilishindikana. Nililirudia, likashindikana tena. Mwishowe nikaacha kubeba saa nikija kwako."

Nikataka kulia, lakini kengele ilikuwa mbali na sikujua kama inaruhusiwa.

Mama akaitazama saa, ingawa ilikuwa haitembei.

"Haya, amka. Anakaribia."

"Nani anakaribia?"

Alikuwa ameshanigeuzia mgongo.

Nilizinduka nimesimama. Kulikuwa kumekucha. Sikuwa kitandani kwangu. Nilikuwa chumba cha pili, nimeinama juu ya kitanda cha mwanangu Eliamini, ambaye siku hizi anaota meno. Mikono yangu ilikuwa tayari chini ya mgongo wake. Yeye alikuwa amelala fofofo, kinywa wazi, hana habari.

Nikaona aibu kidogo, nikaanza kuitoa mikono polepole nisimwamshe.

Ndipo akakunja uso, akavuta pumzi, akaanza kulia.