Friza ya Kuwaonyesha Wageni

Friza yangu ilikuwa imelazwa chali juu ya pikapu, imefungwa kamba kama ng'ombe wa wizi, na kaka amesimama kando akiwafokea wabebaji wasiikwaruze rangi. Rangi! Ndani yake mlikuwa na mbegu ya chanjo ya kuku niliyoilea kwa miaka, virusi tulivyovidhoofisha kizazi baada ya kizazi hadi vikawa vinakinga badala ya kuua. Vilitaka baridi kali kuliko ya barafu. Vikiyeyuka, kwisha habari.

"Kaka, nani amekupa ruhusa?"

"Mkuu wa chuo ameshasaini. Ni ya siku moja tu, dada. Wageni wakiondoka, narudisha."

"Na umeme?"

"Tumevuta waya kutoka jengo la jirani. Acha wasiwasi. Friza ni friza."

Kaka alikuwa mkurugenzi wa uwekezaji wa jiji. Kazi yake ilikuwa kuzibembeleza kampuni za dawa na chanjo zije kwetu, na kwa ajili hiyo jiji lilishajenga jumba la vioo kando ya barabara kuu, likaliita Kituo cha Sayansi ya Uhai. Ndani hamkuwa na kitu. Wageni walipotangaza ziara, aliazima darubini za shule ya sekondari, meza za hospitali, makoti meupe, na wanafunzi wangu wa kuyavaa. Friza ya pili ya kuhifadhia nakala ya chanjo niliiomba mara kadhaa katika ofisi yake hiyo hiyo, nikaambiwa bajeti haijakaa sawa. Kikulacho ki nguoni mwako. Tumezaliwa tumbo moja, lakini sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yeye wiki ile.

Asubuhi ya ziara niliikuta katikati ya ukumbi, imefutwa ikang'aa, taa yake ya mbele inawaka. Nikafungua mlango. Maji yakachuruzika hadi kwenye viatu vyangu. Ule waya wa jirani ulitosha kuwasha taa, haukutosha kuendesha mashine. Nilikiinua kichupa kimoja, nikakitikisa, na ndani mkachezacheza maji matupu.

"Funga," kaka akaninong'oneza. Hakuuliza kilichoharibika. "Wameshaingia getini. Unajua ajira ngapi za watoto wa watu ziko hapa? Cheka kidogo."

Nilijua. Wanafunzi wangu walikuwa wamejipanga nyuma ya zile darubini wakinitazama, na wengi wao hawakuwa na pa kwenda wakishahitimu. Nilitaka kunyamaza kwa ajili yao. Nilijaribu kweli.

Mkuu wa msafara, mwanamke wa makamo aliyevaa viatu vya chini, akasimama mbele yangu akauliza friza inahifadhi nini.

"Haina kitu," nikasema. "Ilikuwa na chanjo. Huyu mkurugenzi aliihamisha jana ije kuwapendeza ninyi, na chanjo imekufa. Darubini hizo ni za shule. Hawa ni wanafunzi. Humu hakuna kinachofanya kazi ila taa."

Kaka akafumba macho.

"Pole sana, daktari," yule mama akasema, na nadhani alimaanisha. "Lakini maabara si shida yetu. Hapa tutaweka ghala la dawa. Tumekuja kwa ajili ya barabara na msamaha wa kodi." Akamgeukia kaka. "Tunasainia wapi?"

Wakasaini. Kaka akapandishwa cheo. Baadhi ya wanafunzi wangu wanapanga katoni pale hadi leo, na digrii zao zimo kabatini. Tukikutana kwenye shughuli za ukoo, kaka huwaambia watu kwamba nilitaka kumharibia nikashindwa, na watu hucheka. Mimi hula nikaondoka.

Mwaka uliofuata mama alinipigia simu.

"Mwanangu, kuku wanakufa tena. Banda zima. Ile dawa yako ipo?"

"Muulize kaka, mama."

"Ah! Kaka yako anajua nini habari za kuku?"