Simba wa Duka la Vigae

Mdogo wangu aliingia kliniki yangu ya mifugo asubuhi, akampita mama mmoja aliyepakata kikapu chenye paka, akaweka karatasi juu ya meza yangu.

"Dada, weka saini hapa tu. Nimeshajaza yote."

Kweli alikuwa amejaza yote. Ilikuwa fomu ya sheria mpya. Kila aliyefuga simba, chui au duma nyumbani alipewa siku tisini za kumwandikisha, na daktari wa mifugo athibitishe kwamba mnyama ni mzima na anaishi mahali panapofaa. Bila hivyo anachukuliwa. Zilibaki siku tatu. Penye "chakula" mdogo wangu aliandika "kizuri sana". Penye "sakafu ya banda" aliandika "ya kisasa". Kwenye swali kama mnyama anaweza kusimama, kutembea na kugeuka bila shida, aliweka alama kubwa ya ndiyo, kama mtu anayejisahihishia mtihani.

"Mnyama wako sijamwona," nikasema.

"Si ulikataa kuja?"

Kweli nilikataa. Mwaka mmoja nyuma alinunua mtoto wa simba kwa mtu ambaye hakutaka hata kumtaja. Nilimwambia amrudishe, akasema nina wivu, tukanuniana. Huyu ndiye kitindamimba wetu. Nyumbani tulimwita Bwana Mkubwa tangu hajaota meno, na kwa bahati mbaya aliamini. Sasa ana miaka thelathini na minne.

"Sisaini nisichokiona. Kaa hapo nimalize paka wa watu, twende."

Anauza vigae, masinki na mabafu. Mlangoni kulikuwa na tangazo: nunua vigae vya nyumba nzima, piga picha na simba bure. Tulipita katikati ya mabafu, tukavuka stoo, tukatokea uani.

Banda lilikuwa la nondo, limeezekwa bati, na chini limetandazwa vigae vyeupe vinavyong'aa.

"Daraja la kwanza," akasema, akigonga kimoja kwa kisigino. "Hata sebuleni kwangu sina hivi."

Simba jike alikuwa amelala kwenye kona. Alipotuona akajaribu kuinuka. Miguu ya mbele ilikuwa imepinda kama upinde. Makucha yakateleza, kifua kikaanguka chini pwaa. Akajaribu tena, akaanguka tena. Mara ya tatu aliacha, akabaki ananitazama huku anahema.

"Mvivu huyo," mdogo wangu akasema. "Akishiba ndizo zake."

"Unamlisha nini?"

"Kidari cha kuku. Natoa mifupa yote asije akakabwa. Na maziwa ya boksi. Anakula vizuri kuliko mimi."

Nikafumba macho kidogo. Simba anayekua hujenga mifupa yake kwa mifupa anayotafuna. Mpe nyama tupu, mwili utanenepa na mifupa ibaki laini, halafu mwili huohuo uusimamishe juu ya sakafu inayoteleza. Mdogo wangu alikuwa anampenda yule mnyama. Hilo ndilo lililonifanya nitamani kumzaba kofi.

Nilitoa fomu nyingine mkobani, nikaiandikia juu ya boksi la sinki. Akachungulia begani kwangu.

"Umeandika hapana!"

"Nimeandika ninachokiona."

"Wewe ni dada yangu au ni polisi?"

Nikasaini.

Mama alifika kliniki alasiri hiyohiyo, bila hata kupiga simu. Akakaa kwenye benchi kati ya mbwa wawili, pochi magotini.

"Mwanangu, saini tu inakupunguzia nini?"

"Mama, yule simba hawezi kusimama."

"Kwani mimi nasimama? Magoti yangu unayajua. Mbona mimi hujaniandikia fomu?"

"Wewe hatujakufungia nyuma ya duka, Mama."

"Mlikuwa chanda na pete nyie. Leo paka na panya, kisa simba." Akainuka kwa shida, kusudi nione. "Damu nzito kuliko maji, daktari." Hakuniita mwanangu. Aliniita daktari.

Kesho yake niliipeleka fomu ofisi ya wanyamapori. Mkaguzi, mzee wa miwani mizito, aliisoma mara mbili, akasimama kunipa mkono.

"Fomu hamsini na tatu nimepokea, daktari. Hii ndiyo ya kwanza kuniambia kitu."

Nilijisikia vizuri kwa muda wa dakika moja hivi.

"Sasa kuna tatizo dogo," akaendelea. "Kituo cha kutunzia hawa wanyama kina nafasi kumi na mbili. Wapo kumi na tisa."

"Kwa hiyo?"

"Kuanzia leo simba ni mali ya serikali. Ila atabaki palepale."

"Juu ya vigae?"

"Kwa muda."

"Na nani atamhudumia?"

"Mwenyewe. Yaani, aliyekuwa mwenyewe. Chini ya uangalizi wa daktari."

"Daktari yupi?"

Akaigeuza fomu, akaweka kidole kwenye saini yangu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wenzangu wote waliandika ndiyo.

Basi kila Jumamosi, kwa miezi mitano, nilikuwa uani kwa mdogo wangu. Ya kwanza hakunisalimia. Nilimwambia vigae vyote ving'olewe.

"Vigae vya daraja la kwanza?"

"Vyote. Na lile tangazo la picha liondoke."

Akachukua nyundo na tindo, akang'oa kimoja baada ya kingine huku akiilaani sheria, serikali na mimi, kwa zamu. Tukamwaga udongo, tukaweka magogo. Nikaleta dawa za mifupa na kuku wazima, na mifupa yao. Simba aliwanusa kuku, akageuza uso, kadekezwa kama mwenye nyumba. Mdogo wangu alinipigia simu mara sita.

"Dada, amegoma! Atakufa njaa!"

"Asipokula leo atakula kesho."

Alikula siku ya tatu. Mdogo wangu akapiga tena, anapiga kelele simuni utadhani mtoto wake amefaulu darasa la saba. Nikagundua tunaongea.

Jumatatu zangu zilikuwa za mkaguzi. Kila nikipiga, wiki ijayo. Nafasi ilipopatikana hatimaye, lori lilikuja na tundu ambalo simba asingeweza hata kugeuka. Nikalirudisha.

"Daktari, wewe ndiye unayechelewesha kazi," mkaguzi akaniambia.

Mimi! Nilikata simu kabla sijasema la kunifungisha. Tundu lenye nafasi lilikuja siku tisa baadaye.

Mdogo wangu aliomba apande lori, akakataliwa. Akalifuata kwa gari lake, nami nikaketi pembeni yake. Njia nzima, saa nne, tulibishana: dirisha, redio, alivyolikaribia lori mno.

Kituoni walifungua tundu mbele ya uwanja wa nyasi uliozungushiwa uzio mrefu. Simba alikaa ndani karibu nusu saa. Kisha akatoa mguu mmoja, akagusa ardhi, akatoka. Alitembea kombo. Miguu ile haitanyooka tena, nilishamwambia mdogo wangu mara nyingi. Lakini alitembea, hatua kama ishirini, hadi kwenye kivuli cha kichaka, akajilaza.

Mdogo wangu alifuta macho kwa mkono wa shati. "Angalau amepata nafasi."

Ningeweza kunyamaza. Dada mwenye hekima angenyamaza.

"Angekuwa na miguu pia," nikasema, "kama ungenisikiliza siku ya kwanza."

"Najua," akajibu.

Nilikuwa sijawahi kumsikia akilitamka neno hilo kwa kukubali kosa. Nilikuwa na maneno mengine tayari, ya mwaka mzima, na sasa sikuwa na pa kuyapeleka. Simu yangu ikaita. Alikuwa Mama.

"Mmeshamfikisha? Na mwenzio, umemliza?"

"Amelia mwenyewe, Mama."

"Mpe maji anywe," akasema. "Halafu uendeshe wewe. Yule akilia haoni njia."

Nikanyoosha mkono, mdogo wangu akanipa funguo bila kubisha.